Mpunga wa Kibibi Ulivyofika Mbingu

Tangu nirudi sijakoroga uji wangu kwa amani. Nikienda bombani naulizwa, nikienda mashineni naulizwa, na juzi msibani jirani mmoja alinisogelea mkekani akaninong'oneza, "Mama Beata, ni kweli mlikokotwa na ng'ombe?" Ni kweli. Lakini kila mmoja wenu ana kipande chake cha safari yetu, na vipande vingine vimetiwa chumvi na watu ambao hawakutoka hata nje ya Sanje. Kwa hiyo nimekaa chini nikaandika yote mara moja. Ombi langu ni moja tu, msome mpaka mwisho, kwa sababu mwisho unawahusu ninyi kuliko unavyonihusu mimi.

Sanje: ghala na turubai

Karatasi hii inaweza kufika kwa wasionijua, basi nijitambulishe. Mimi ni mtunza ghala wa kigango chetu, kanisa letu dogo la kijijini. Baada ya mavuno waumini huleta sadaka ya mpunga, nami naupokea, nauma punje mbili tatu kujua kama umekauka kama mama yangu alivyonifundisha, kisha naupanga. Kazi hiyo naiweza na sioni haya kuisema.

Mwezi wa pili katekista wa kigango kimoja cha Mbingu, Mwalimu Deo, alinipigia simu. Tulifahamiana kwenye semina mwaka juzi. Alisema msimu uliopita mafuriko yalikuja wakati mpunga wao umeshachanua, maji yakakaa mashambani mpaka ukaoza. Mwaka huu mvua ikachelewa, watu wakapanda kwenye vumbi, halafu ikanyesha siku nne mfululizo ikazoa mbegu yote ikaipeleka mtoni. "Tumepoteza mbegu mara mbili, Mama Beata," alisema. "Na wazee wanasema zamani kulikuwa na mpunga mrefu, mwekundu kidogo, ambao maji yakipanda nao unapanda. Huku umepotea. Wanunuzi wanataka Supa, ule unaonukia, basi kila mtu kapanda Supa."

Mpunga anaousema tunaujua. Sisi tunauita Kibibi, kwa kuwa ndio waliokuja nao bibi zetu kutoka upande wa Mahenge. Nilikuwa nazungumza na simu huku nimesimama katikati ya ghala, na kila nilipogeuka niliona magunia ya Kibibi. Kwa nini ghala la kanisa lilikuwa limejaa Kibibi, ninyi mnajua na mimi najua, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu watu wa Mbingu wasiniulize.

Mlikubali tuwapelekee mbegu hiyo, tena kwenye kikao kimoja, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa. Kigango kikatoa magunia manne. Bwana Athumani, mwadhini wa msikiti wetu, aliposikia akaja na mawili zaidi kutoka kwenye zaka ya mazao iliyokuwa msikitini, pamoja na pawatila yake, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, na tela lake. "Imamu kasema mvua haimuulizi mtu dini," aliniambia. "Na wewe ukienda peke yako utapotea hata kwenye lami." Mimi na Bwana Athumani tumesoma darasa moja, yeye Mndamba mimi Mpogoro, na tangu wakati huo hajawahi kunisemesha bila kunichokoza.

Sasa turubai. Kigango kina turubai jipya, zito, la bluu. Mwenye ufunguo wa kabati ni mimi. Nililitazama, nikakumbuka kwamba limewekwa kwa ajili ya ujio wa Askofu, nikalifunga tena kabatini. Nikachukua lile la zamani la misibani, ambalo ukilala chini yake mchana unahesabu nyota. Niliona nimefanya busara sana.

Sanje hadi Ifakara: arusi isiyo na bibi arusi

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Mnakumbuka mlivyoyafunga magunia riboni nyeupe kwa ajili ya kubarikiwa, na mlivyoinyunyizia pawatila maji ya baraka mpaka kwenye tangi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyezifungua zile riboni. Tangu Mang'ula watu walitusimamisha wakidhani tumebeba mahari. Mama mmoja muuza ndizi alinipigia vigelegele, akataka kujua bibi arusi ni nani, na Bwana Athumani kwa uso mkavu akanionyesha mimi. Yule mama akanitazama vizuri, akasema hajachelewa mtu. Akanipa chane nzima ya ndizi mbivu kama zawadi ya arusi.

Ndizi zenyewe nilizibeba mapajani saa saba nzima. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, mimi nafunga Jumatano na Ijumaa, na yeye anafunga kila siku. Nilimkumbusha kwamba msafiri ameruhusiwa kula.

"Najua," alisema. "Halafu nije nizilipe siku zangu peke yangu wakati wenzangu wanakula mihogo mbele yangu? Hapana. Kula wewe."

"Leo Jumatano."

"Basi tunyamaze."

Hatukunyamaza hata dakika kumi. Tulikuwa watu wawili wenye njaa juu ya magunia sita ya chakula, na hilo lilituchekesha mpaka Kiberege, ambako mkanda wa pawatila ulikatika. Fundi baiskeli mmoja wa pale barabarani aliacha kazi ya wateja wake akatutafutia mkanda kwa saa tatu, kibanda hadi kibanda. Alipoupata akaufunga mwenyewe, akafuta mikono, akauliza mpunga unakwenda wapi. Tulipomwambia alisema shemeji yake yuko Mbingu, na akakataa chai tuliyotaka kumnunulia.

Saa hizo tatu ndizo zilizotuponza. Tungefika Ifakara kwenye jua. Badala yake mvua ilitukuta njiani, ikanyesha kwa hasira, na turubai la misibani likafanya kazi yake ya kuyaonyesha maji njia. Bwana Athumani alilitazama, akanitazama mimi. Anajua kabisa ni turubai gani lililobaki kabatini. Safari hii hakunichokoza, na kwa mtu kama yeye hiyo ni adhabu kubwa.

Ifakara: mpunga wenye homa

Tulifikia kwa mdogo wake Bwana Athumani, Bi Mwanaidi, mwanamke mchangamfu anayeuza vitumbua. Aliniamkia shikamoo dada kana kwamba tumelelewa nyumba moja, akatukaribisha futari ya magimbi na uji wa pilipili manga ambao bado nauota. Alhamisi hatukuweza kuondoka. Mto Lumemo ulikuwa umepanda barabarani, na malori yalikuwa yamepanga foleni upande huu yakisubiri.

Siku hiyo tuliegesha tela kwenye upenu wa mashine ya kukobolea ili lisinyeshewe tena. Mnunuzi mmoja wa mpunga, kijana nadhifu mwenye kalamu sikioni, akachomoa punje kwenye gunia akazibiringisha kiganjani.

"Mama yangu, huu hauuziki," alisema kwa upole kabisa. "Mteja wa Dar anataka harufu. Akifungua sufuria jirani ajue. Huu tunawapa kuku."

"Hatuuzi. Ni mbegu."

"Mbegu ya nini sasa? Nani atalima kitu ambacho mimi sikinunui?"

"Mtu ambaye Supa yake imeoza majini mara mbili."

Alizirudisha punje guniani. Hakuwa mtu mbaya. "Sasa hilo mimi siwezi kulisaidia," alisema. "Mimi nanunua kilichofika hapa. Kilichozama sikioni."

Nimelizungusha neno lake kichwani siku nyingi. Sote tumefundishwa bondeni humu kulima kinachonunuliwa, na hatukukosea, maana ada za shule hazilipwi kwa mpunga wa kuku. Lakini mvua imebadilika, inakuja siku zisizotarajiwa na kwa nguvu isiyozoeleka, na mnunuzi hana nafasi ya mvua kwenye hesabu zake. Kama mbegu zote tungeziacha sokoni ziamuliwe, Kibibi isingebaki hata punje.

Na hapa ndipo niseme kwa nini ilibaki. Ilibaki kwa sababu ya uchoyo wetu. Kila mwaka, mavuno yakiisha, mtu anatenga Supa ya kuuza, Supa ya kula Krismasi, halafu anatafuta cha kumpelekea Mungu. Anakumbuka lile pembe la shamba ambako Kibibi inajiotea yenyewe. Anavuna gunia, analeta kwangu, anaimbiwa wimbo wa matoleo. Mnunuzi haitaki, kwa hiyo haiuzwi, kwa hiyo inakaa. Nasema sisi, maana na mimi nimo. Nimepokea sadaka za watu kwa uso wa utakatifu huku nyumbani kwangu Supa imejaa mpaka chini ya kitanda.

Nilimwambia Bwana Athumani hayo tukiwa tumekaa kwenye upenu ule. Nilidhani atanicheka. Alikuna kidevu akasema, "Unadhani zaka yetu ni ya namna gani? Kila gunia Kibibi. Hapo dini zetu hazina ugomvi."

Ijumaa asubuhi nilikuwa naosha miguu uani niliposikia kinu. Nikatoka mbio. Bi Mwanaidi alikuwa anatwanga kwa furaha, na pembeni yake gunia letu moja limefunguliwa. Alikuwa amesikia tumeleta mpunga, na kwa mila zake na zangu mgeni akileta chakula kinapikwa ale na yeye. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Alikuwa ametoa kopo moja tu, na alikuwa anatwanga kwa ajili ya futari yetu huku yeye mwenyewe amefunga.

Kabla sijafungua mdomo alisimamisha mchi. "Dada, nilitaka kukuita," alisema. "Huu mpunga wenu una homa."

Nilizamisha mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama la mtoto mgonjwa. Nikatoa kiganja, nikasogeza kwenye mwanga. Kwenye ncha ya kila punje kulikuwa na kidoti cheupe.

Wakulima mnaelewa. Mpunga uliolowa ukafungiwa kwenye gunia umevundikwa, na uliovundikwa unaota. Tungeukausha, ungekufa. Tungeuacha ulivyo, ungeungua kwa joto lake wenyewe. Njia iliyobaki ilikuwa kuupoza, kuufungua upumue, kuunyunyizia maji asubuhi na jioni, na kuufikisha kwenye tope la Mbingu kabla mizizi haijashikana. Bwana Athumani alikadiria siku mbili, zikizidi sana siku mbili na nusu.

"Mpaka jana tulibeba mizigo," alisema. "Leo tumebeba mjamzito."

Nilikumbuka turubai la bluu, kavu, limekunjwa kabatini likimsubiri Askofu, na machozi yakanitoka. Sikuwa nalilia mbegu tu. Nilikuwa nalilia akili yangu, ambayo kila kitu kizuri inakiwekea siku ya kuonekana.

Ijumaa: baiskeli kumi na moja

Nilitaka tuondoke palepale. Bwana Athumani akasema haondoki kabla ya swala ya Ijumaa. Tukagombana, mimi kwa sauti na yeye kwa ukimya. Nilimwambia Mungu anaona mbegu inakufa. Akaniambia Mungu anaona pia kwamba lori halipiti Lumemo, kwa hiyo nikae nipoze magunia. Akavaa kanzu akaondoka.

Sasa namwomba radhi mbele yenu wote, kwa sababu alirudi na wanaume kumi na mmoja na baiskeli zao. Baada ya swala alikuwa amesimama akaeleza habari yetu, na hawa ndio waliotoka naye mlangoni. Mnazijua baiskeli za Ifakara, zenye kiti cha nyuma cha chuma kinachobeba hata kitanda. Tuligawa mpunga kwenye viroba vidogo ili upumue, wakavipakia, wakazunguka kwa njia ya miguu ya juu ambako maji yalikuwa ya magotini, wakisukuma mmoja nyuma ya mwingine na kanzu zao zimefungwa kiunoni. Pawatila ikapita baadaye barabarani, tupu, Bwana Athumani akiiongoza na watu wakiishikilia kwa nyuma.

Nilisimama ng'ambo nikiwaangalia wanakuja. Waislamu kumi na mmoja wenye swaumu, wanabeba sadaka ya Wakristo kuipeleka kwa watu wasiowajua. Nilijivuna siku ile kama ni mimi niliyewazaa. Nilizigawa zile ndizi zangu za arusi wakafuturie nyumbani, na mmoja wao akaomba na riboni, akaifunga kwenye usukani wake.

Jumamosi: ng'ombe wa Bwana Masanja

Sasa tunafika kwa ng'ombe. Baada ya Lumemo barabara ilikuwa tope jeusi la kunata, na Jumamosi asubuhi pawatila ilizama mpaka kwenye injini. Tulichimba, tukatia majani, tukachimba tena. Nilikuwa nafungua viroba kila saa. Vidoti vilikuwa vimekuwa vijimkia.

Akatokea mfugaji na jozi mbili za maksai. Niseme ukweli, mimi na wafugaji si marafiki. Nimeshaona shamba langu limekanyagwa, nimeshakaa baraza la kata nikapiga meza. Nilipomwona nilishika mpini wa jembe vizuri zaidi.

"Mwangaluka," alisema.

Bwana Athumani, ambaye anajua salamu za kila mtu, akaitikia. Yule bwana, Masanja, hakuuliza mengi. Alifunga minyororo, akazungumza na maksai wake kwa Kisukuma, na pawatila ikatoka kwenye tope ikitoa mlio wa aibu. Hakuishia hapo. Alitukokota karibu siku nzima, kila penye shimo, mpaka jua lilipoanza kushuka akatupeleka kwake. Mke wake alitupikia ugali na maziwa ya mgando, na tukalala usingizi wa watu waliokufa.

Asubuhi nilitaka kumlipa. Alikataa kwa mkono. "Nipe mbegu ya kiganja kimoja tu," alisema. "Mke wangu ana kajaruba pale chini. Kila mwaka maji yanakachukua."

Nilimpa viganja viwili. Mke wake alivifunga kwenye ncha ya kanga yake kwa uangalifu mkubwa, kisha akalipapasa lile fundo kuhakikisha. Njiani niligeuka kuwatazama mara tatu, na Bwana Athumani aliniuliza kama nimesahau kitu.

Jumapili: baraka ya mwisho

Tuliingia Mbingu ibada ikiwa inakaribia kumalizika. Padri hakuwepo, Jumapili ile alikuwa kigango kingine, kwa hiyo aliongoza Mwalimu Deo. Mlio wa pawatila ukaua wimbo. Watu wakatoka nje na nguo zao za Jumapili, mashati meupe, vitenge vipya, watoto na soksi.

Mwalimu Deo alifungua kiroba kimoja. Mikia ilikuwa na urefu wa kucha na ilikuwa imeanza kushikana. Hakuhitaji kuelezwa.

"Kitalu kimelimwa," alisema polepole. "Lakini leo ni Jumapili."

Mzee mmoja akasema mapema kesho, alfajiri, wote watakuwa shambani. Mwingine akasema hapa hakuna aliyewahi kuingia shambani siku ya Bwana, na mwaka mbaya kama huu si wakati wa kuanza. Nilimtazama Bwana Athumani naye akatazama mawingu, kwa sababu lile halikuwa lake kulisema. Mwalimu Deo alijaribu kumpigia padri, simu ikakataa. Nilihesabu saa kichwani. Jua lilikuwa kali, na mpaka kesho ningekuwa nimeleta mboji.

Akajitokeza mwanamke mzee, mwembamba, wa umri wa mama yangu. Ni Bibi Skola, mwenyekiti wa akina mama pale. Hakubishana na mtu. Alivua viatu vyake vya kanisani, akavipanga pamoja ukutani, akapandisha kitenge mpaka magotini, akachukua kiroba kimoja akajitwika, akaanza kuteremka.

Mwalimu Deo alimtazama mpaka akafika kwenye kona ya njia. Halafu akatugeukia. "Ibada haijaisha," alisema. "Sijatoa baraka ya mwisho. Nitaitoa kitaluni."

Kwaya ilitangulia. Nimeshiriki maandamano mengi ya Ekaristi, yenye maua na vipaza sauti, lakini sijawahi kuandamana kama siku ile, na viroba vya mpunga kichwani na viatu mikononi. Tulipanga mstari kando ya majaruba tukamwaga mbegu kwa mkono, taratibu, tukiitenganisha mizizi kwa vidole kama unavyomchambua mtoto nywele. Bwana Athumani alikuwa katikati ya waimba besi wa kwaya, tope mpaka mapajani, mdomo mkavu, akimwaga kwa mkono mpana na sawasawa kuliko wote. Tulipomaliza kiroba cha mwisho Mwalimu Deo akasimama kwenye tuta na suruali yake nyeupe iliyoharibika, akanyoosha mkono juu yetu na juu ya kitalu.

Nilikuwa nimeumwa mgongo, sijaoga siku mbili, na nilijiona mtu mkubwa. Nawaambia bila kuficha. Mbegu ya Sanje ilikuwa ardhini na ilikuwa hai.

Baada ya kunawa tukaandaliwa ugali na kisamvu. Akina mama waliketi upande mmoja na Bibi Skola akasimama kushukuru. "Wenzetu wa Sanje," alisema, "wamejinyima mbegu yao bora. Mungu aone moyo huo."

Nilirudisha tonge kwenye sahani. Bwana Athumani, na swaumu yake, aliinama akachunguza kucha zake. Ningeweza kunyamaza, na mngepata sifa zenu, nami zangu. Nikasimama.

"Shikamoo bibi," nilisema. "Naomba nikurekebishe. Hatukujinyima. Sisi kanisani tunapeleka mpunga ambao mnunuzi kaukataa. Supa tunauza na tunakula. Huu ulibaki kwa sababu haukutakiwa. Na mimi ninayesema ndiye niliyeleta gunia baya kuliko yote."

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kisha mabega ya Bibi Skola yakaanza kutikisika, na kumbe anacheka.

"Mwanangu," alisema, "unadhani sisi tulikuwa tunaleta nini? Hiyohiyo. Miaka yote. Ila sisi tulipata bahati mbaya, alikuja mtu wa chakula cha kuku akanunua ghala zima, tukapiga makofi." Akajifuta macho. "Ninyi mlikosa mnunuzi. Mungu amewapenda."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Hakuna aliyeacha kutushukuru. Mwalimu Deo alisema tu kwamba Mungu ametunza kwenye sadaka kile ambacho sisi tulidhani tumekitupa, na akaomba aongezewe kisamvu.

Kurudi, na magunia

Tuliondoka Jumatatu. Maji yalikuwa yameshuka, na safari ya kurudi ilikuwa siku mbili tu. Magunia yetu sita walitukunjia wenyewe, wakayafunga kamba vizuri na kuyaweka chini ya kiti. Niliyaona mazito kidogo nikadhani yana unyevu.

Nilipofika hapa nikayapeleka ghalani kuyakung'uta. Nikafungua la kwanza, kikaanguka kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na mchele wa Supa, kopo moja, uliopetwa mpaka hauna chenga hata moja. Nikafungua la pili, kifuko kingine. Magunia yote sita yalikuwa na vifuko. Mnajua mila yetu kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Lakini hawa ni watu waliopoteza mavuno na mbegu. Nilimpigia Mwalimu Deo nikamuuliza mchele ule umetoka wapi. Hakutaka kusema. Nilipomsumbua akajibu kwamba akina mama walikuwa wameuweka kwa ajili ya Pasaka.

Vifuko viwili Bwana Athumani ameupelekea msikiti wake. Alivipokea kwa mikono miwili na hakunitania.

Msiniulize kama Kibibi itasimama majini maji yakija, hilo tutalijua Mei. Mwalimu Deo anasema kitalu kimekuwa kijani chote na wameanza kupandikiza. Mke wa Masanja naye kanitumia salamu. Ninyi mlitoa magunia hayo kwa kikao kimoja bila ugomvi, na popote nitakapokwenda nitatembea kifua mbele kwa ajili hiyo. Turubai la bluu nimelitoa kabatini, liko juu ya mpunga. Askofu akija atakaa chini ya mti kama watu wengine.

Na ule mchele wa vifuko vinne nimeumimina kwenye sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia, nikaiweka ghalani karibu na mlango, bila mfuniko. Ni miaka mingi sasa nashika ufunguo wa ghala hili, na hiyo ndiyo Supa ya kwanza kuingia. Msimu huu, mtakapoleta sadaka, mtapita hapo. Hamtahitaji kuonyeshwa ilipo. Ukifungua mlango tu, harufu yake inakupokea.